Ukuta wa Bwana Sleiman

Kidawa alikuwa mtu wa Uroa. Kama hujapata kukaa na mtu aliyezaliwa juu ya mawe, akafundishwa kulima juu ya mawe hayo hayo, basi hujui kujiamini ni nini. Kule kwao mtu huona kiganja cha udongo baina ya jiwe na jiwe, akatia mbegu yake ya kunde, na kunde zikaota zikazaa. Kwa hiyo siku alipoolewa na Silima wa Dole, akaoneshwa shamba la ukweni, udongo mwekundu ambao jembe linazama lote bila kugusa hata kokoto, alicheka peke yake. Alisema moyoni: kumbe watu wa huku wamedekezwa namna hii? Mie n'tawalimia mboga mpaka waombe radhi.

Haya, akalima. Mchicha ukatoka manjano, majani madogo kama ya mchongoma. Tungule zikafika kimo cha kidole zikagoma. Bilingani zilitoa maua, maua yakadondoka, basi ikawa hadithi imekwisha. Akatia samadi. Akatia mbolea ya chumvichumvi ya dukani, msimu huu na msimu ule, na kila akitia, shamba likazidi kununa. Majirani, ambao mdomo hauwalali, wakasema mtu wa maweni kazoea kubembeleza mawe, akipewa udongo hajui aanzie wapi. Maneno hayo yalimfika, na yalimuuma, ingawa mbele ya watu alikuwa akitembea na jembe lake begani kama aliyetoka kuvuna.

Kuumwa na maneno ni kitu kidogo. Kikubwa alikuwa Msabah, kaka yake Silima. Eka tatu zile alipewa marehemu baba yao serikali ilipogawa mashamba, na mwenye kauli juu yake sasa alikuwa yeye mkubwa. Mwaka huo, elfu mbili na mbili, mahoteli yalikuwa yakijengwa Kiwengwa mfululizo, na wajenzi walitaka udongo wa kujazia. Malori yalikuwa yakizunguka Dole kutafuta nani anauza. Mashamba mawili ya jirani yalishakuwa mashimo, masika yakijaa maji, kiangazi yakijaa taka, na wenyewe walikuwa wakipita pembeni wakitazama upande mwengine.

"Ardhi inayozaa ni shamba," Msabah alisema siku moja, amekaa barazani kwa mdogo wake na kikombe cha chai. "Isiyozaa ni udongo tu, na udongo una mnunuzi. Nshazungumza naye."

Silima, mtu mpole ambaye hajawahi kumjibu kaka yake tangu alipoanza kusema, alitazama chini. Kidawa hakutazama chini.

"Nipe mpaka Shaaban, shemeji."

"Shaaban ipi?"

"Hii hii inayokuja. Ikifika hujaona mboga za maana, leta malori yako, na mie mwenyewe n'takuja kuwaonesha pa kuanzia kuchimba."

Silima alipaliwa na chai. Msabah akacheka, akampa mkono, na watu wote barazani wakawa mashahidi. Msabah alikuwa na ubishi lakini hakuwa mwongo, akitoa ahadi ametoa.

Siku zile alikuwa akipita pita bibi shamba, msichana wa Wizara ya Kilimo anaitwa Shemsa, na pikipiki yake. Alichukua udongo kidogo, akautia maji kwenye kichupa, akachovya kikaratasi, kikageuka rangi.

"Udongo wenu mchachu, Bi Kidawa," alisema. "Mvua za miaka na miaka zimeosha kila kitu, mikarafuu imekula humu bila kurudishiwa, na hii mbolea mnayonunua ndiyo inayozidi kuuchachua. Mboga hata uzipe chakula gani, hazitakula. Udongo huu unataka chokaa."

Kidawa alicheka hata akakamata mpini wa jembe asianguke. Chokaa! Baba yake, mzee Muhammad, kazi yake maisha yote ni tanuri la chokaa: hupanga magogo, juu yake mawe ya pwani, akatia moto. Nusu ya nyumba za Uroa zimepakwa chokaa iliyotoka kwenye mikono yake. Kumbe dawa ya udongo huu mnono wa wenye kujisifu ni yale mawe waliyokuwa wakimcheka nayo!

"Ngoja basi nikueleze inavyotiwa," Shemsa alianza.

"Mwanangu, mie chokaa nimeinyonya. We nenda kamfundishe asiyeijua."

Shemsa akavaa kofia yake akaondoka. Na hapo ndipo Kidawa alipokosea, maana kosa hili asingeweza kulifanya mtu mwengine yeyote isipokuwa mtoto wa mchoma chokaa.

Alikwenda Uroa akamkuta baba yake ndiyo kwanza amefungua tanuri. Mzee akamwambia mbichi hii, bado ina moto ndani, haijanyeshewa. Chokaa ya watu wa Uroa huachwa nje ikapigwa na umande na mvua miezi, ikapoa, ikavunjika yenyewe ikawa unga, na hapo tu ndipo fundi huigusa. Kidawa aliyajua hayo tangu hajaota meno. Lakini aliyajua kwa ajili ya ukuta. Chokaa mbichi ukiipaka ukutani, ukuta hupasuka. Sasa yeye akapiga hesabu yake: udongo si ukuta, utapasuka nini? Akapakia magunia kwenye gari la ng'ombe la ami yake, na masika yale yale akaimwaga shambani yote, nene, matuta yakawa meupe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa kuwa alikuwa na haraka ya kumkomesha Msabah, siku hiyo hiyo akachanganya na samadi, na asubuhi yake akahamishia miche.

Lahaula! Mvua ilipopiga, shamba lilifuka moshi kama chungu. Harufu iliyotoka kwenye ile samadi ilimchoma macho yeye na ng'ombe wa jirani. Nyayo zake zilivimba malengelenge. Na ile miche, ambayo ameilea kitaluni kama watoto, ililala yote, kahawia, imeungua mpaka mizizi.

Msabah alikuja kutazama. Alizunguka matuta yale meupe, mikono nyuma.

"Shemeji, umepaka vizuri," alisema. "Sasa tia mapazia, tuhamie."

Kidawa alicheka pamoja naye, maana hakutaka kumpa raha ya kumuona vingine. Msabah alipoondoka, Kidawa alikwenda nyuma kabisa ya shamba, penye magofu, akakaa asionekane na wapita njia, akalia. Alilia kwa uchungu hasa. Si miche iliyomliza. Kilichomliza ni kwamba aliaibishwa na chokaa, kitu cha kwao, mbele ya watu aliowatambia.

Pale alipokaa palikuwa na nyumba zamani, nyumba ya Bwana Sleiman, Mwarabu aliyemiliki konde hizo zote kabla ya Mapinduzi. Paa lilishaporomoka, kuta zimeanguka moja juu ya nyengine, na pembeni yake yalikuwapo makaburi ya watu wake. Kidawa alipofuta macho, aliona kitu ambacho alikuwa amekipita mara nyingi bila kukitazama. Baina ya vifusi vya ukuta umeota mchicha ambao hakuupanda mtu, majani mapana, kijani cha kukoza. Umeota mtungule wa kujiotea, umelala juu ya mawe na matunda yake mekundu. Hatua chache tu kutoka pale, udongo ule ule, hata magugu yalikuwa manjano.

Aliukwaruza ukuta kwa ukucha. Ukamong'onyoka, mweupe, laini, baridi. Chokaa. Chokaa iliyonyeshewa na masika yote tangu kabla yeye hajazaliwa.

Aliinuka akaenda kumtafuta Shemsa, na safari hii alimsikiliza akiwa amefumba mdomo, jambo ambalo Silima aliliona akataka kuita watu. Shemsa hakumcheka. Alimwambia chokaa iwe imepoa, isagwe laini, itawanywe nyembamba kama unga unaonyunyiza kwenye kibao cha chapati, ifukiwe, imwagiwe maji, iachwe wiki kadhaa ikae na udongo wake. Samadi ije baadaye, peke yake. Yale matuta yaliyoungua yaachwe yapumzike, aanze upande wa kisimani. Na ile ya ukutani? Shemsa aliitazama akaipima. Inafaa, alisema. Haina ukali, inafanya kazi polepole, ila ipondwe kweli kweli.

"Basi tuchukue," alisema Silima. "Ukuta umo ndani ya eka zetu. Nani atatuuliza?"

"Hapana," akasema Kidawa. "Una mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Bi Tamima, mjukuu wa Bwana Sleiman. Aliishi mjini, Mlandege, ana kiduka cha vitambaa nyuma ya Darajani. Kila Shaaban alikuja Dole amevaa buibui, anasafisha makaburi ya wazee wake, anasoma, anawasalimia kina Silima kwa adabu, anakwenda zake. Hakupata hata siku moja kuomba kuingia kivulini. Na wao hawakupata kumkaribisha, si kwa ubaya, ila hakuna aliyejua aanze vipi.

Kidawa alikwenda Mlandege akamkuta anakata kitambaa.

"Shikamoo, Bi Tamima."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Kumekucha salama huko? Makaburi yamefanywa nini?" Alishapata habari za malori, akauweka mkasi chini.

"Bado hayajafanywa kitu. Nnakuja kuomba."

Akamueleza yote, bila kuficha lile la kuunguza miche. Akamwambia shamba likipona, malori hayaji, na makaburi yatakaa. Lisipopona, shimo halitajua lipi kaburi na lipi tuta. Akamwambia anataka ukuta wa babu yake auponde autie mchichani. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, akaona haya.

Bi Tamima alikikunja kile kitambaa, akakisukuma pembeni.

"Nyumba ile ilishachukuliwa mie n'na miaka saba," alisema. "Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza kitu juu yake. Kwa nini unaniuliza weye?"

"Kwa sababu ndiwe unayekuja kuisalimia."

Basi, Bi Tamima akalia, akacheka, akajifuta kwa kile kitambaa cha mteja, akasema hatoi ruhusa mtu akauponde ukuta wa babu yake vibaya. Atakuja mwenyewe.

Na alikuja. Alivua buibui, akajifunga kanga kiunoni, akashika mchi. Walitandika magunia, Silima akabomoa kwa nyundo, wanawake wakaponda, wakachekecha kwa chungio, makapi yakarudi kupondwa tena. Majirani waliokuja kutazama kichekesho walijikuta wamepewa michi. Bi Tamima ndiye aliyeanza hadithi. Dari ya nyumba ile, alisema, ilipigwa na wanawake wa Dole, wiki nzima, kila mmoja na kijiti chake, chokaa ikipigwa mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Waliokuwa wanalipwa walikuwa wanalipwa kidogo, na babu yake hakuwa mtu wa kusifiwa kwa hilo, yeye Tamima hatasema uongo juu ya kaburi. Lakini nyimbo zao alizisikia kwa bibi yake, na bibi yake alikuwa akimtaja mwimbishaji, mwanamke mwenye sauti iliyofika barabarani.

"Akiitwa Sichana binti Hija," alisema.

Michi ikasita. Msabah alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba, mikono nyuma, amekuja kufanya maskhara yake ya siku. Sichana binti Hija alikuwa bibi yake, mama wa baba yake. Hakufanya maskhara. Aliondoka bila kuaga, na siku hiyo hakuna aliyejua lililompita moyoni.

Ukuta ukamwagwa shambani upande wa kisimani, mwembamba kama unga wa kibaoni, ukafukiwa. Kidawa akamwagia maji, akangoja. Na kungoja huku ndiko kulikokuwa kazi, kwake yeye kuliko kuponda. Watu walipita wakaona ardhi tupu, na Shaaban inakuja, wakamuuliza unalima nini? Akawajibu nalima subira, haya piteni. Baadaye akatia samadi, akangoja tena kidogo, kisha akapanda. Akaacha tuta moja pembeni bila kulitia ukuta kabisa, akalipanda mbegu zile zile siku ile ile, akalimwagia maji yale yale. Silima akamwambia unajitafutia nini, si utie zote? Akasema, nikifaulu hao watasema ni mvua. Nataka wakose hata hilo la kusema.

Shaaban ikaandama. Bi Tamima alikuja na Yasini yake mkononi, na hakuwa amemaliza kufagia kaburi la babu yake, lori likasikika likinguruma njiani. Msabah alikuwa amekaa mbele pamoja na dereva. Ahadi ni ahadi.

Kidawa alitoka akasimama katikati ya njia ya matuta. Mikono aliiweka kiunoni.

Msabah alishuka. Alitazama bamia zilizofika kifuani, mchicha uliofunika udongo usionekane, tungule zimefungwa vijiti kwa kulemewa. Alikwenda mpaka lile tuta la pembeni, akachuchumaa. Hapo mchicha ulikuwa manjano, mfupi, mtungule mmoja umesimama kama mwiko. Akatia mkono kwenye udongo wa tuta lile, akarudi akatia mkono kwenye udongo wa tuta la pili. Akafanya hivyo tena, maana alikuwa mbishi. Mvua moja, kisima kimoja, mbegu moja.

"Mzee, nianzie wapi kuchimba?" dereva alipiga kelele.

"Hapa hapachimbwi," akasema Msabah. "Geuza gari. Na mwambie bosi wako nimesema mie."

Dereva akatukana kidogo kwa heshima ya Shaaban, akageuza. Vumbi lilipotulia, Msabah alikuwa bado amesimama. Mwisho akageukia upande wa makaburi.

"Bi Tamima," alisema. "Huo wimbo wa bibi yetu unaujua?"

"Naujua mwanzo wake tu, baba. Mwisho bibi yangu alikuwa akisahau."

"Mwisho naujua mie," akasema Msabah. "Alikuwa akituimbia tulale. Sikujua ni wimbo wa kazi."

Akavua shati, akalitundika kwenye kijiti cha mtungule, akaenda penye magofu akachagua kipande cha ukuta kilichobaki. Akakiweka juu ya gunia, akachukua mchi uliosahauliwa pale, akaanza kukiponda. Lile tuta la manjano, alisema, linamtia aibu, haliwezi kukaa hivyo shambani kwa baba yake. Bi Tamima akaanza wimbo kwa sauti ya chini, na Msabah akangojea upande wa mwenziwe umalizike, aupokee.

Kidawa aliwatazama, machozi yanamtoka na wala hakuyaficha. Kisha akasogea, akainama juu ya gunia, akachota ule unga kwa vidole, akausugua.

"Bado una chenga, shemeji," alisema. "Ponda laini. Laini zaidi. Na weye usije ukautia na samadi siku hiyo hiyo, n'takuja kukuambia tia mapazia."